Kopo la Vifungo

"Hebu livae tena," fundi alisema, kana kwamba gauni lingejirekebisha lenyewe.

Mteja akalivaa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa kushoto, na wa kushoto kulia. Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, alishika ukingo wa meza ili chumba kiache kuzunguka. Juzi tu alipoteza vifungo viwili vya shati la mwalimu, na akaapa kwamba alikuwa ameviweka mahali pake. Leo mikono! Mama yake mzazi alianza hivihivi, kwa vitu vidogovidogo, akaishia kutowatambua wanawe. Aliogopa, aliogopa kweli.

Binti yake alifunga duka akampeleka kliniki.

"Unameza dawa gani, mama?" daktari aliuliza.

"Za presha. Na zile nyingine za presha."

"Nyingine zipi?"

"Si ulizoniongezea mwezi uliopita, mwanangu!"

"Mimi? Sijakuongezea kitu. Unazo hapo?"

Alitoa mkobani kopo la bati, akalimwaga mezani. Maboksi hakuwahi kuyatunza. Yanajaza nafasi bure. Vidonge alivitoa vyote kwenye karatasi zake na kuvipanga kama alivyopanga vifungo tangu usichana wake, rangi kwa rangi.

"Vya pinki navijua, vya siku zote. Kisha dirishani pa dawa wakanipa vyeupe. Nikasema, aah, presha imepanda, daktari hakutaka kunitisha. Basi kila asubuhi cha pinki na cheupe."

Daktari akatoka, akarudi na maboksi mawili. Akaweka kidole chini ya jina la dawa kwenye kila moja.

"Ni lilelile," binti alisema.

"Dawa ni moja, viwanda viwili. Mama anameza dozi maradufu."

Akampima presha. Ilikuwa chini mno.

"Kwa hiyo si ugonjwa wa bibi?" binti akauliza.

"Siwezi kuapa. Kwanza tuondoe hili, tuone kizunguzungu kitaenda wapi." Daktari akavikusanya vidonge vyeupe. "Hivi vibaki kwangu. Leo usimeze tena. Kesho asubuhi njoo nikupime kabla ya kumeza chochote. Sasa nieleze wewe, mama. Siku dawa ikibadilika rangi, utafanyaje?"

"Nitameza... hapana. Nitauliza kwanza. Na boksi situpi." Alimtazama bintiye kama mtoto aliyeitwa ubaoni. "Si ndiyo?"

"Ndiyo hasa," daktari akasema. "Na hiki je, nacho unakimeza?"

Kiganjani mwa daktari kilikuwemo kifungo cheupe cha shati, kidogo, chenye matundu manne. Wakacheka wote, na Mama Vifungo akawashinda kwa kicheko. Ghafla akakitazama tena kile kifungo.

Mwalimu alikuwa ameleta viwili.

Akainama juu ya meza, akaanza kusogeza vidonge vya pinki kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, taratibu, huku mkono wa pili ukiwa tumboni.