Uwanja Wenye Uzio

Kaka yangu Eckart alikuwa mwalimu wa Kijerumani, na ugonjwa wake ulikuwa asili ya maneno. Tulipomzika mama, mchungaji alisema kuwa Friedhof, makaburini, maana yake ni uwanja wa amani. Eckart akamkatiza, udongo ukiwa bado mkononi.

"Samahani, mchungaji. Watu wanaona Friede, amani, halafu wanajidanganya. Zamani lilikuwa frithof, uwanja uliozungushiwa uzio. Basi."

Nilitamani nimfukie pamoja na mama.

Mwaka huu mimi na Eckart tulikuta karatasi imebandikwa kwenye jiwe la kaburi la binti yake, Wiebke: muda umekwisha, fikeni ofisini. Kwetu Ujerumani kaburi hupangishwa, na ukiisha muda husawazishwa. Kila mtu anajua, lakini mkuki kwa nguruwe. Wiebke alikufa kabla hajaanza shule, na Eckart hakupata mtoto mwingine.

Ofisini, palepale makaburini, tulimkuta Heike Söhnlein, mwanafunzi wake wa zamani.

"Niongezee muda, Heike."

"Ningekuwa na uwezo ningekuongezea, Mwalimu. Sehemu ile yote inafungwa."

"Kwani anamsumbua nani pale?"

"Hamsumbui mtu. Ila uamuzi umeshapita, mimi ni wa kutumwa tu."

Kaka akasimama, akapiga meza. "Hapa panaitwaje? Si Friedhof? Uwanja wa amani! Jina lenyewe linasema mwacheni mtoto kwa amani!"

Heike akanitazama, nami nikamtazama. Sote wawili tungeweza kumsahihisha, maana yeye mwenyewe ndiye aliyetukaririsha.

"Ndiyo, Mwalimu," Heike akasema taratibu. "Uwanja wa amani."

Hapo ndipo kaka alipoketi akafunika uso. Alijua anaonewa huruma.

Mafundi walipokuja walianza na ule ukingo wa mawe unaozunguka kaburi, ambao Eckart alikuwa akiusugua kila masika. Waliung'oa kipande kipande wakautupa kwenye toroli.

"Jamani," Eckart akawaambia, "uzio basi niachieni."

"Uzio gani, mzee?" mmoja akauliza, akaendelea kung'oa.