Amri Iliyoitwa Pole

Siku kompyuta mpya zilipoletwa kwenye kituo cha kusukumia maji, mhandisi alifungua programu ya zamani ya mahesabu, akaingiza kiwango cha maji tangini, akangoja imwambie koki kuu ifunguliwe kwa dakika ngapi. Ikamjibu: hasi tatu.

Alicheka, halafu akaacha. Programu hiyo ilikuwa imefanya kazi miaka kumi na tisa bila hata kukohoa. Akaipitia mstari kwa mstari hadi kwenye amri moja fupi, pole. Akaiuliza kompyuta inaitoa wapi. Haikutaja folda ya ofisi, ilimohifadhiwa amri yao wenyewe. Mfumo mpya wa kuendeshea programu hiyo ulikuja na amri yake yenye jina hilohilo, neno la lugha nyingine na la maana nyingine kabisa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiitika.

Akampigia simu aliyeandika ile amri ya ofisi: bosi wake wa zamani, mstaafu, ambaye kituo kizima kilimwita Mzee Koki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ukinikumbuka wewe, kuna kitu kimeharibika."

Akamweleza. Mzee akacheka puani. "Kumbe pole yangu imepata wajina. Basi badilisha jina la yetu. Ile nyingine imezaliwa humo, huiwezi."

"Kwani uliiita pole kwa nini?"

"Hukumbuki?"

Alikumbuka. Wiki yake ya kwanza kazini alifungua koki kwa pupa, bomba likapasuka, mitaa minne ikakosa maji siku mbili. Alijifungia stoo akilia, akisubiri barua ya kufukuzwa. Mzee alibisha hodi, akampa kitambaa chenye harufu ya grisi, akasema neno moja tu: pole. Jioni ile akakaa akaandika amri.

"Sikuwahi kujua," mhandisi alisema, "ulikuwa unanipa pole, au unaniambia nifungue pole."

"Yote mawili. Sikuwa na maneno mengi. Marehemu mama watoto alikuwa akinilalamikia hivyohivyo."

Mhandisi akaipa amri yao jina la polepole, akalibadilisha mahali saba ilipoitwa, akaendesha hesabu upya. Dakika kumi na nne.

"Usikate," mzee alisema. "Iweke simu karibu na bomba."

Akaiweka juu ya kifuniko cha pampu, akashika gurudumu la koki kwa mikono miwili, akaanza kulizungusha kidogo kidogo. Maji yakaanza kunguruma chini kwa chini. Akaendelea hivyo hadi koki ilipofunguka yote.