Bi Verna Alichukua Mtini Mweusi

Nilianguka mwezi wa Machi, asubuhi, nikiwa nimebeba beseni la nguo chafu. Mashine yetu ya kufulia iko kwenye chumba cha chini ya nyumba, na majira ya baridi ilinibidi nipite ubavu ubavu kati ya mitini ya mume wangu, iliyohifadhiwa humo isiuawe na barafu, imepukutika majani na kusimama kwenye ndoo zake kama fimbo za wazee. Mguu ulinasa kwenye ndoo moja. Nikavunjika kifundo cha mkono, nikafungwa plasta wiki sita.

Mume wangu, Nadim, alipokuwa ananirudisha kutoka hospitali nilimuuliza humo humo garini.

"Baba Ilyas, mitini iko mingapi?"

"Si mingi."

"Sijakuuliza kama ni mingi."

Taa ya barabarani ikawaka kijani, akaondoa gari. "Sitini na saba."

"Baridi ijayo isizidi thelathini na saba."

"Mama Ilyas, unaning'oa meno bila ganzi."

"Mkono wangu nao ulivunjika bila ganzi."

Aliponunua wa kwanza tulikuwa ndiyo tumehamia nyumba hii ya Allentown, na yeye bado anafanya kazi kiwanda cha saruji. Mmoja haukuwa na ubaya. Kisha akaanza kubadilishana vijiti kwa posta na watu ambao hajawahi kuwaona, na kila kijiti kilichofika alikichomeka kwenye udongo kikaota. Hata akipogoa, vile vilivyokatwa hakuweza kuvitupa. Gereji ilipojaa, gari likatolewa nje kwenye theluji. Gereji ilipojaa tena, ndipo ikaja zamu ya chumba cha chini.

Kiangazi, mkono ulipopona, nilichana shuka kuukuu jekundu nikafunga vitambaa kwenye mitini thelathini. Sikuonea mti. Nilichagua ile ile aliyokuwa akiilaani mwenyewe. Kesho yake nikakuta vimebaki kumi na vinane.

"Huu umeufungua ya nini?" nilimuuliza. "Miaka sita haujaivisha hata tunda moja."

"Unajiandaa."

"Na ule wenye majani ya madoadoa?"

"Ule mgonjwa. Utampa mtu mti mgonjwa?"

"Na huu, uliosema matunda yake yana ladha ya karatasi?"

Akajikuna kichwa. "Mwaka ule mvua ilizidi."

Nilifunga vitambaa upya. Jumamosi ya mwisho ya Septemba tukatangaza kanisani na kwa majirani kwamba anayetaka mtini aje achukue bure. Watu walikuja. Nadim akawahoji kama baba anayeozesha binti. Una gereji? Ina dirisha? Baridi yake inafika kiasi gani? Kijana mmoja daktari wa meno alisema ataweka wake sebuleni karibu na hita; Nadim, anayetaka mtini ulale mahali pa ubaridi, akampa kahawa, akamsindikiza mpaka getini mikono mitupu. Mpaka saa sita mchana ilikuwa imeondoka minne.

Ndipo akaja Bi Verna Moyer. Ni mjane, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa Kutztown, miaka sabini na kitu, amevaa buti za mpira na amekuja na pikapu yake. Hakutazama vitambaa. Alipita moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa jikoni, ulipokuwa mtini tuuitao Mweusi wa Safita, mji tuliotoka, matawi yameinama kwa matunda.

Huo ulitokana na kijiti cha uani kwa mama mkwe wangu. Shemeji yangu alikileta kimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa maji, na mwaka uliofuata mama mkwe akafariki. Ndio mti pekee ambao Nadim hakuwahi kuuchukulia vijiti. Aliogopa kuutia kisu zaidi ya lazima.

Nadim akachuma tunda moja, akampa mgeni. Bi Verna alilila lote, na ganda lake, amefumba macho.

"Sijawahi kuonja kitu kama hiki," akasema.

Nadim akaweka mkono kifuani. "Chukua. Ni wako."

Kwetu hayo ni maneno ya adabu. Mgeni husema, hapana, ubaki na mwenyewe. Mwenyeji husisitiza, mgeni hukataa tena, na ikifika mara ya tatu kila mtu ameonyesha utu wake na mti uko pale pale. Bi Verna akasema, "Asante sana," akainama, akashika ndoo kwa mikono miwili. "Nishikie upande huo, nimeegesha karibu."

Mume wangu akashika. Akasaidia kuubeba hadi kwenye pikapu, akaufunga kwa kamba, akamweleza habari za maji na mwanga kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha akasimama barabarani mpaka pikapu ikakata kona.

"Kwa nini hukumwambia ni wa mama yako?" nikamuuliza.

"Nimwaibishe mgeni? Nimwambie nilikuwa natania?"

Hakula mchana. Waliokuja baadaye hakuwauliza habari za gereji. "Chukueni," alikuwa akisema, kama mtu anayegawa nguo za marehemu. Jioni nilihesabu iliyobaki, arobaini na minne. Ile saba ya ziada sikuitaja. Na mimi niliyefunga vitambaa nilikaa uani nikiutazama ule ukuta mtupu, nikaona nimekosea mahali, ila sikujua wapi.

Baridi ile hakuwaandikia watu wa vijiti hata mara moja. Mwezi wa Machi nilimpigia simu Bi Verna, nikamwomba vijiti. Akasema, "Njooni hata leo."

Mtini ulikuwa zizini, kwenye kona ya chumba cha maziwa ambako maji hayagandi. Alikuwa ameuhamishia kwenye nusu pipa. Nadim alichomeka kidole kwenye udongo.

"Unaumwagilia mara ngapi?"

"Kikombe kimoja kwa mwezi. Si ndivyo ulivyosema?"

Akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikamweleza Bi Verna yote, mama mkwe, gazeti, na kukataa mara tatu. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Jamani! Sisi ukiambiwa chukua, unachukua upesi kabla mtu hajageuza mawazo. Basi rudi nao. Gari lenu linatosha."

"Hapana," Nadim akasema.

"Nakwambia uchukue, bwana."

"Hapana. Hapa pazuri."

"Hiyo mara ya pili. Ya tatu nasemaje?"

Nadim aliutazama mti. Nimeishi naye miaka arobaini na mmoja, na kwa kweli sikujua atajibu nini.

"Ya tatu unasema tafadhali."

"Tafadhali, Nadim."

"Ahsante, Bi Verna. Hapana."

Akatoa kisu chake, akakata vijiti vinne, akavifunga kwenye kitambaa kibichi. Njiani hakuwa na huzuni; alikuwa ameshika kile kifurushi magotini, mimi nikiendesha. Vijiti vitatu viliota. Sasa nikihesabu tuna mitini arobaini na tisa, miwili sijui ameitoa wapi, na akisema ni arobaini na saba namwacha.

Septemba Bi Verna alitupigia simu kwamba matunda yameiva. Tulikwenda, tukala tumesimama nyuma ya zizi, ng'ombe wakitutazama. Nadim alisema ladha imebadilika kidogo, labda ni maji ya kisima cha kule. Alikula kumi na moja.