Maziwa ya Posa

Emérithe alizunguka uani kwa mkulima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Saa nane ndugu wa Arnaud, mchumba wa binti yake Annick, wangefika nyumbani kwao Fittja, Sweden, kuleta posa, na kwa mila Annick angekunywa maziwa mabichi mbele yao, kibuyu kimoja na Arnaud. Dukani hayakupatikana. Sheria ilimruhusu mkulima kuyauza shambani kwake tu, tena kwanza ampe mnunuzi karatasi ya onyo.

"Karatasi tutaisoma njiani," Emérithe alimwambia mkulima kwa Kiswidi.

Annick alikuwa ameshaipokea. Aliisoma mpaka mwisho.

"Mama, tuyachemshe."

"Ya kuchemsha ni ya mgonjwa. Unataka wakwe waseme tumewakaribisha hospitali?"

Annick akamwonyesha karatasi, kidole kikiwa kwenye mstari unaowataka wajawazito wasinywe maziwa yasiyochemshwa.

Emérithe aliusoma mara mbili. Akamtazama binti yake usoni, kisha tumboni, kisha akatazama saa.

"Arnaud anajua?"

"Anajua."

"Kumbe niliyelala ni mimi." Akalipakia dumu la maziwa garini. "Panda. Sufuria kubwa iko kwenye kabati la chini. Tutayachemsha, tutayapoza kwenye theluji, kisha kibuyuni. Wakiuliza mbona yana ladha ya kupikwa, ng'ombe wa Sweden ndivyo walivyo."

"Na wakigundua?"

"Tumbo litawahi kuwaambia kabla ya maziwa," Emérithe alisema, akawasha gari. "Funga mkanda. Taratibu."