Kila Mama na Mchanga Wake

Mimi Kiswahili sikujifunza sokoni. Babu yangu aliletwa Kisumu na kazi ya reli, akaoa hapa, akazikwa hapa, na nyumbani kwetu mtoto aliyesema "hii kitu" alinyimwa uji mpaka aseme "kitu hiki". Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyowalea wateja wangu. Mtu akija kwenye cherehani yangu akisema anataka "nguo kimoja", simpimi mpaka anyooshe sentensi. Wengine walikasirika wakaenda kwa fundi mwingine. Mimi nikasema waende salama, na wajukuu zao wapate uji.

Niliyemsumbua zaidi alikuwa Dalmas, katekista. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye baiskeli nyeusi na kipaza sauti cha betri, na matangazo yote ya mtaani yalipita mdomoni mwake: misiba, mikutano, mbuzi waliopotea. Akisema Kiluo watu wanatulia kumsikiliza. Akisema Kiswahili mimi nashika kichwa. Miaka kumi na mitano nimemkosoa barabarani mbele za watu, naye ananiitikia tu, "Asante, Mama Zeituni." Hilo nalo lilikuwa linaniudhi.

Nakwambia haya mapema ujue nilivyokuwa, maana mwaka wa themanini na saba nusura nimkoseshe mwanangu masomo yake kwa huo huo usahihi wangu.

Hospitali yetu iko njia ya kwenda ufuo wa Dunga. Haikuwa ya serikali wala ya tajiri. Ilikuwa ya kanisa kidogo, ya msikiti kidogo, na ya akina mama wa samaki kwa sehemu kubwa. Wao kila Ijumaa walileta ngege wa kuwapikia wagonjwa. Mimi nilishona shuka za vitanda kwa magunia ya unga, nikizichemsha mara tatu maandishi yafutike, na hayafutiki. Mgonjwa alilala juu ya "kilo tisini" akapona vizuri tu. Na ndani ya hospitali hiyo kulikuwa na chuo cha wauguzi, wanafunzi ishirini na wanne, na mmoja wao alikuwa Zeituni wangu, mwaka wa tatu, miezi mitano kabla ya mtihani.

Basi Juni ikaja barua kutoka kwa baraza la wauguzi. Chuo kina makosa mawili. La kwanza, wodi ya watoto ina kuta na paa lakini sakafu ni udongo. La pili, wanafunzi hawana watoto wa kutosha wa kujifunzia, maana akina mama wa hapa hawaleti watoto wao. Mkaguzi atakuja Jumatatu ya pili ya Agosti, na akikuta mambo ni yale yale, chuo kinafungwa. Vyuo vingine vilikuwa vimeshasema havipokei mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Zeituni alisubiri nafasi ile miaka minne. Angerudi nyumbani kukaa na mimi kwenye cherehani, na cherehani anaichukia tangu utotoni.

Lile kosa la pili hatukulizungumza. Tungesema nini? Ilikuwa imevuma mtaa mzima wa Obunga kwamba wanafunzi wanajifunzia sindano kwenye miili ya watoto, na maneno kama hayo huyafuti kwa sabuni. Tukashika la sakafu. Mwenye duka la vifaa akatoa saruji. Fundi Oketch na wenzake wakajitolea mikono. Kilichobaki ni mchanga, na lori lililoahidiwa likavunjika ekseli njiani, likalala huko huko.

Kamati ikakaa Alhamisi, siku nne kabla ya mkaguzi. Sista Dorca, mkuu wa chuo, akatoa shauri: kila mwanamke abebe karai moja kutoka ufuoni. Akaniambia mimi niandike tangazo, kwa kuwa Kiswahili ni changu. Yeye alitaka liseme, "Kila mama apitie Dunga achote karai moja la mchanga wa ziwani, alete hospitalini Jumamosi asubuhi, ni wa kumalizia sakafu ya wodi ya watoto." Nikamwambia, Sista, hilo ni tangazo au ni hotuba ya chifu? Niachie mimi.

Nikaandika: *Jumamosi asubuhi, kila mama aje hospitalini na mchanga wake.*

Nililipenda. Lilikuwa safi, halina neno la ziada. Dalmas hakuwepo kwenye kikao, alikuwa na maziko, kwa hiyo nikampelekea karatasi kanisani. Akaisoma, akaigeuza nyuma, akaniuliza, "Mama, hii imetosha?"

Nikamjibu asome kama ilivyo, asiongeze Kiswahili chake, kwa maana hicho tayari kimejaa barabarani. Akaikunja akaitia mfukoni.

Jumamosi nilifika hospitalini saa moja na nusu. Oketch alishatandaza kokoto, mifuko ya saruji iko tayari, wanaume wameegemea sepetu. Nikatazama barabarani. Jamani, wanawake. Wanatoka upande wa Migosi, wanatoka Obunga mbali kule ng'ambo ya mji, wanatoka hapa hapa Nyalenda, mia mbili na zaidi, na bado wanakuja. Moyo ukanijaa. Nikamwambia Oketch, unaona maneno machache yanavyofanya kazi?

Oketch akaniuliza mbona hawana makarai.

Kweli hawakuwa na makarai. Vichwani hamna kitu. Migongoni walikuwa na watoto, vifuani watoto, wengine wa wiki mbili, wengine wa miezi sita, wamefungwa leso, wamepakwa mafuta, wamevishwa kofia za sufu na jua lile. Kila mama na mchanga wake.

Na nani anatokea nyuma yao kama si Dalmas anasukuma baiskeli, mkewe kando amembeba mjukuu. Sikumsalimu. Nilimwambia mbele ya umati wote kwamba ameua chuo, amemuua mwanangu akiwa hai, kwamba mtu asiyejua tofauti ya mchanga wa kujengea na mtoto mchanga asipewe hata kengele ya mbuzi, sembuse kipaza sauti. Nilisema mengi. Alisubiri nimalize.

"Nilisoma vile imeandikwa, Mama," akasema.

Nikamwambia Kiswahili changu hakikosei. Zeituni alikuwa mlangoni na sare yake ya buluu, na jinsi alivyonitazama sikupenda. Mwanangu ananijua.

Katikati ya kelele yangu akajitokeza msichana mmoja wa Obunga, jina lake Awuor, anauza mandazi kule, na alikuwa na mapacha, mmoja mbele mmoja nyuma. Akauliza kwa nini huyu mama anagombana. Dalmas akawaeleza wote kwa Kiluo, kwa utulivu, kwamba kilichotakiwa ni *kuoyo*, mchanga wa chini, na yeye alitafsiri *nyathi*, mtoto. Kisha kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele, wanawake wakashikana mabega. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini Awuor alikuwa ameshaanza kufungua leso.

"Sasa mimi nimetoka Obunga na miguu, nirudi bure?" akasema. "Kama ni mchanga, si uko hapo Dunga? Nishikie hawa."

Akampa Zeituni mmoja, akanipa mimi wa pili. Alipofika langoni akageuka.

"Lakini msiwadunge mpaka nirudi. Nataka kuona na macho yangu."

Wenzake wakamfuata. Waliweka watoto mikononi mwa wanafunzi, juu ya shuka zangu za magunia, kwenye mapaja ya Sista Dorca, hata Oketch alipewa mmoja na sepetu ikaanguka. Wanafunzi ishirini na wanne, na watoto mia mbili na kitu. Sista Dorca akasema hakuna kusimama, leteni mizani, leteni kadi, pimeni uzito, andikeni majina, sindano zisubiri wenye watoto. Walilia wale watoto! Mmoja akianza wote wanafuata. Pacha wangu hakulia, alinikojolea tu, akalala.

Na hapo hapo, saa tano kasoro, gari la kijivu likaingia langoni. Akashuka mwanamke mfupi, miwani, mkoba wa ngozi. Sista Dorca akashtuka hata nikamwona. Alikuwa Bi. Nakhungu, mkaguzi wa baraza. Ilikuwa Jumamosi, si Jumatatu. Tulikuja kusikia baadaye kwamba ni kawaida yake, hutangulia siku mbili akakukuta na nguo zako za nyumbani.

Akapita polepole. Akaona wodi isiyo na sakafu. Akaona wanafunzi, kila mmoja na watoto wanane, tisa. Hakuona mama hata mmoja. Akauliza mama zao wako wapi, na watu wote, pamoja na Sista, wakanitazama mimi.

Nikasema wameenda kuleta mchanga.

"Mchanga gani tena?" akasema. "Na hawa ni nini?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza vibaya, mimi mwenye Kiswahili, maneno yanakwama. Nikasema kulikuwa na tangazo na katekista hakulielewa. Bi. Nakhungu akataka kuliona. Dalmas akatoa ile karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri mara nne kama nilivyomwona akiikunja Alhamisi, akampa bila kunitazama.

Yule mama akaisoma kwa sauti. Nami nikasikia sentensi yangu kwa mara ya kwanza kutoka kinywa cha mtu mwingine. *Kila mama aje hospitalini na mchanga wake.* Hakuna karai, hakuna sakafu, hakuna ziwa. Vyote hivyo Sista alikuwa amenipa, na mimi nikavitupa ili sentensi ipendeze.

"Mimi pia ningeleta mtoto," alisema Bi. Nakhungu, na akamrudishia Dalmas karatasi yake.

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Niliwaza Zeituni anakunja ile sare anaitia sandukuni. Nikamtazama pale alipo, anamwandikia mtoto uzito kwenye kadi, mkono hautetemeki, na nikaona ni mimi niliyemtia hatarini.

Kisha Oketch akasema, "Wanakuja."

Walikuja kwa mstari mmoja kutoka ziwani, Awuor mbele. Akina mama wa samaki walikuwa wamemwaga omena zao, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu wakawaazima mabeseni, na wengine walikuja nao, beseni kichwani. Maji ya mchanga yaliwatiririka usoni. Wakamwaga, lundo likapanda, Oketch akasema basi, imefika, bado wakamwaga. Mchanga wote ulinuka omena. Kisha wakapangusa mikono kwenye leso, wakaja kutafuta watoto wao, wakapanga foleni.

Awuor alisimama karibu kabisa na Zeituni, mikono kiunoni. Bi. Nakhungu akavuta kiti upande wa pili. Mwanangu alikuwa katikati ya wanawake wawili wasiopepesa macho. Akamweleza Awuor chanjo hii ni ya nini, akamwonyesha sindano mpya, akasafisha paja, akadunga. Mtoto akalia mara moja, akanyamaza. Awuor akafikiri kidogo, kisha akaja kwangu akanipokonya yule wa pili, akampeleka mwenyewe. Wanawake waliokuwa nyuma yake waliona, na foleni ikasogea.

Bi. Nakhungu alikaa mpaka saa kumi. Aliuliza akina mama maswali, kwa nini wamekuja leo na siku nyingine hawaji. Wengi walimjibu kitu kimoja: Dalmas alisoma tangazo, akaongeza neno moja tu la kwake, kwamba yeye mwenyewe ataleta mjukuu wake awe wa kwanza. Hilo mimi sikulijua. Nilikuwa nimemkataza asiongeze kitu.

Bi. Nakhungu alipofunga mkoba alisimama kwenye mlango wa wodi, ambapo nusu ya sakafu ilikuwa imeshamwagwa, akamwambia Sista Dorca, "Baraza liliuliza kama watu wa hapa wanakitaka chuo hiki. Nimeshajibiwa. Jumatatu sina haja ya kurudi. Wanafunzi wako watafanya mtihani hapa hapa."

Sista Dorca alikaa juu ya mfuko wa saruji. Zeituni alinijia, akanikumbatia na lile gauni langu lililolowa mkojo, na mimi nikalia bila kuficha, kifua kikawa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Juni. Hakuniambia neno kuhusu tangazo, wala hajaniambia mpaka leo, na anafanya kazi wodi ile ile. Ukiinama vizuri utaona magamba ya omena yanang'aa kwenye saruji.

Dalmas alikuwa anafunga kipaza sauti nyuma ya baiskeli. Nikamfuata. Kiluo nakisikia chote, nimezaliwa kati yao, ila kukisema nilikuwa nakataa, nisije nikachekwa. Nikasimama mbele yake, nikakohoa, nikasema neno lao la kuomba msamaha.

"Ngona."

Akanitazama. Akainamisha kichwa kidogo, kama ninavyofanya mimi nikisikia kosa.

"Ng'wonna, Mama," akasema taratibu. "Sema tena."

Nikasema tena, nikakosea. Nikasema mara ya tatu, mkewe kando anabana kicheko, ulimi wangu umejikunja wote.

"Imetosha?" nikamuuliza.

"Bado kidogo," akasema Dalmas. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Lakini imetosha."