Swali la Chumba Namba Tisa

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Saa tisa alasiri, jua limejaa chumba namba mbili, ubaoni hakuna mtu, nami nimeunyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Unamwuliza nani?" Kamanda alisema. Alikuwa askari kabla ya kuja kusomea uuguzi, na saa yake ya mkononi ndiyo iliyotuongoza. Mwenzetu Mama Pacha alicheka. Nilifungua mdomo nikakuta sina swali, kisha machozi yakaanza kunitiririka.

Sababu ya kulia nilikuwa nayo, ila nilikuwa nimeiacha chumba namba tisa.

Tulikuwa wanne, wote tumefeli somo la mwili wa binadamu, wote tumebakiwa na nafasi moja. Atakayefeli tena anafungasha virago. Tukaunda kundi lenye kanuni moja: kila mtu anasoma mada yake, kisha anawafundisha wenzake amesimama, bila karatasi mkononi. Wa nne tulimwita Kimya. Ukimwuliza jambo, alilirudia swali lako polepole, akanyamaza, ndipo akajibu. Kamanda aliwahi kumpima: dakika nne kwa swali moja.

"Huyu anatuchelewesha," aliniambia siku chache kabla ya mtihani. "Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja. Mwambie asije tena."

Sikumwambia. Nilikuwa mwoga, na hadi leo naona haya kuandika hivi. Tulikuwa tukigawana hata sabuni, nikashindwa kumtazama usoni. Nilimwambia tu kwamba tumehamia namba tisa, mwisho wa korido, saa ile ile. Nilidhani angekuta viti vitupu akaelewa mwenyewe. Ilikuwa Alhamisi, zamu yake, mada ya figo; sisi watatu tukabaki namba mbili.

Jioni alirudi na vumbi la chaki kwenye mikono ya sweta. "Leo mmenisikiliza vizuri," alisema, akaenda kuoga. Nilijua ananisuta, nikajifanya nimelala.

Figo sisi watatu hatukuzisoma. Kila mmoja alimtegea mwenzake. Na swali la kwanza la mtihani likawa figo. Niliandika jina langu juu ya karatasi. Kisha kalamu ikaanza kwenda, nami nikaifuata tu, ukurasa baada ya ukurasa.

Wiki iliyofuata mkufunzi alituita wote wanne ofisini.

"Figo ya kulia hukaa juu kidogo, kama bega la mtu aliyebeba ndoo," alisoma. Akachukua karatasi ya pili, akasoma vile vile. Ya tatu. Ya nne. "Ya kulia ndiyo iko chini, ini linaisukuma. Kosa moja, ndoo moja, karatasi nne, na mlikaa pembe nne za ukumbi. Nani aliwapa majibu?"

Kuibia mtihani adhabu yake ilikuwa kufukuzwa siku hiyo hiyo. Kamanda alitazama viatu vyake. Mimi mwenyewe sikujua nilichoandika nilikitoa wapi.

"Niliwafundisha mimi," Kimya alisema. "Alhamisi, namba tisa. Kosa ni langu. Nilisahau kwamba mtu wa kwenye picha ananitazama, kulia kwake ni kushoto kwangu."

Mkufunzi hakumwamini. Akaagiza aitwe mama wa usafi, mwenye korido ile.

"Ni kweli alikuwa anafundisha, mwalimu," mama alisema. "Nilisubiri nje na fagio langu saa nzima. Anaeleza, ananyamaza, anamjibu mtu, anaendelea."

"Uliwaona hawa?"

"Kuchungulia sikuchungulia. Ila nilipovipanga viti, vitatu vilikuwa bado vina joto."

Mkufunzi alitukata alama za figo ya kulia, akatuachia. Tulifaulu kwa tabu.

Kamanda na Mama Pacha waliondoka bila kuagana na mtu. Nilimkimbilia Kimya koridoni.

"Nisamehe, dada. Nilikudanganya. Namba tisa hakukuwa na mtu."

"Hakukuwa na mtu," alirudia polepole, akanyamaza. Safari hii nilimsubiri.

"Ulikaa dirishani," alisema hatimaye. "Swali lako lilikuwa zuri. Ila nilipoanza kukujibu ukalia."

"Niliuliza nini?"

"Figo moja ikitolewa, ile nyingine inajuaje kwamba imebaki peke yake."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba sijui inajuaje. Najua tu inakua, inafanya kazi ya mbili."

Leo ni mwaka wa kumi na tisa niko wodi ya figo. Kila baada ya muda mgonjwa mmoja huniuliza swali hilo, kwa maneno yale yale. Nalirudia polepole, nanyamaza, ndipo najibu. Wauguzi wenzangu wananilalamikia kwamba nawachelewesha.