Makaa ya Plamsi

Mwezi wa tisa, jua likiwa halijapanda, Nassoro alitoka na kigae cha chungu, akaenda chini ya mti wa plamsi, akachagua ua lililokolea, akalikung'uta. Kaa likadondoka kwenye kigae. Akarudi nalo jikoni, akalifunika kwa majani makavu, akapuliza, akabandika chai. Ndivyo walivyowasha moto watu wote wa kijiji kile kilicho juu ya Soni kila plamsi zilipochanua, hasa ile miaka ambayo kiberiti kilionekana kwa mwenyekiti tu.

Kila ua lilikuwa na kaa lake, dogo kama punje ya ulezi, limekaa kwenye kinywa cha ua. Nyuki akileta unga wa njano, kaa linauamsha. Unga unatoa kiuzi, nacho kiuzi kinashuka ndani ya ua kikifuata ule mwanga, kama mtu anayeteremka Mombo na tochi. Kikifika chini kinapasuka, pu, na tunda limeshika. Kaa likizimika, kiuzi kinapotea njia. Kaa likizidi, ua linaungua na kunuka kama maharage yaliyoshika chungu.

Kipimo alikijua Zakia, mke wa Nassoro. Jua likiwa kali alitundika kanga iliyoloa kwenye matawi. Ukungu ukikaa siku tatu alipita ua hadi ua akipuliza, mashavu yamemjaa. Miti yote saba aliipanda yeye.

Zakia alifariki mwaka ule vitu viliporudi madukani. Gari la wagonjwa lilikuwa limeteremka kupokea wageni wa wakubwa. Wageni walipokelewa vizuri sana. Zakia akazikwa shambani, kando ya mti wa saba, tawi moja likimfunika.

Na kweli vitu vilirudi: viberiti, sabuni, mitumba, na dawa za kila rangi. Bwana shamba Sefania, mtu wa Tanga mjini, zamani alikagua mashamba kwa miguu. Sasa alikuwa na pikipiki na duka la dawa lililoandikwa jina la shemeji yake. Asubuhi alikuwa serikali, mchana alikuwa duka.

Siku aliyofika kwa Nassoro alimkuta na jirani yake Mwajuma, aliyekuja kuomba moto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Hayo makaa ndiyo ugonjwa wenyewe. Ni oksijeni yenye hasira, tumefundishwa semina. Inaunguza ua kwa ndani. Lazima izimwe."

"Ikizimwa tutazaaje?" akauliza Nassoro.

"Unaozaa ni mti, mzee, siyo wewe."

Mwajuma akacheka mpaka kigae kikamtikisika. "Mwache mgosi, mzee wa watu. Kwani wewe Sefania, mama yako alikupata kwa baridi?"

Sefania hakucheka. Alisoma karatasi: miti yote itapigwa dawa ya kupoza. Mti ambao mwezi wa kwanza utakuwa hauna tunda utakatwa, na mwenye shamba atachukua miche mipya dukani. Agizo limetoka juu.

"Juu wapi?" akasema Mwajuma. "Juu ni huku kwetu. Nyie mnatoka bondeni."

Nassoro aliitazama ile miti saba, mmoja mmoja, maana mbali na kaburi hakuwa na kingine kilichopita mikononi mwa Zakia.

Kesho yake walikuja watu wa pampu. Kwenye mti wa saba, Athumani aliyebeba pampu alivua kofia, akasoma Fatiha, akazunguka kaburi.

"Umeacha tawi," akasema Sefania.

"Marehemu hapigwi dawa, bwana shamba."

Sefania akatazama saa yake, akaandika kwenye daftari: umekamilika.

Makaa yakazimika siku ileile. Maua yalibaki meupe, mazuri, kama yale ya plastiki ya ofisini kwa wakubwa. Nyuki walileta unga, ukakaa pale ulipowekwa. Maua yakapukutika kijiji kizima, nyuma yake hakuna kitu. Wanawake wakanunua viberiti, dukani kwa shemeji.

Juu ya kaburi ilikuwa vingine. Kila alfajiri udongo ulitoa pumzi ya moto, kwa vituo, kama mtu anayepuliza jiko huku akijizuia kukohoa, na makaa ya lile tawi yakakolea. Mwajuma alikuja na kigae chake.

"Shikamoo, dada Zakia. Kazi hujaacha tu?"

Alichukua kaa moja, hakuzidisha. Jua lilipokuwa kali, Nassoro alilowesha kanga, akaitundika, maana hiyo sehemu marehemu asingeiweza.

Mwezi wa kwanza lile tawi lilikuwa na plamsi arobaini na moja. Hapakuwa na nyingine kijijini. Sefania alikuja na watu wa mashoka, wakaangusha sita. Kwenye wa saba walimkuta Nassoro ameegemea shina.

"Huu umezaa," akasema.

Sefania alitazama juu, akahesabu, akafurahi waziwazi. "Si unaona? Dawa imefanya kazi."

"Tawi hili halikupigwa dawa. Muulize Athumani."

Athumani alitazama shoka lake. Sefania akafungua daftari. "Imeandikwa umekamilika, mzee."

Aliagiza plamsi zote zichumwe ziwekwe kwenye boksi, wapelekewe wageni. Mti ukaachwa uwe mti wa mfano, ukagongelewa kibao cha bati chenye jina la dawa kwa misumari minne. Kabla ya mvua za masika Sefania alipandishwa cheo akarudishwa Tanga, na duka akabaki nalo shemeji.

Mwezi wa tisa pampu zilipita tena, safari hii mara mbili. Kaburi likazungukwa tena. Alfajiri iliyofuata Mwajuma alikuja na kigae, akasimama mbele ya kile kibao. Yeye hakusoma. Nassoro alikuwa amefika darasa la pili.

"Hivi kinasema nini?"

Nassoro alikikodolea macho kitambo.

"Kinasema Zakia hakufanya kitu."

"Mwongo huyo," akasema Mwajuma.

Akakinga kigae chini ya tawi. Udongo ukapuliza, kaa likadondoka. Akalifunika kwa kiganja, akashukuru, akaenda kubandika maharage.